Kwa nini kwaya nzima ilisoma kitabu kimoja?

SWALI: Ninafundisha kwaya ya parokia. Nimeona mchoro wa waimbaji wa Ulaya ya zamani wamekizunguka kitabu kimoja kikubwa. Sisi kila mtu ana fotokopi yake ya solfa, sauti zote nne zimo. Wao walikosa nakala?

JIBU: Mwalimu, ngozi ya kuandikia ilikuwa ghali kweli, lakini gharama si jibu lote. Kitabu kile kilitengenezwa kwa ajili ya watu waliosimama pamoja. Kikifunguliwa, kwa kawaida sauti ya kwanza ipo juu kushoto na teno chini yake. Kulia, sauti ya pili juu, besi chini. Kila mtu anasoma kona yake. Ukipotea, sikio ndilo litakalokurudisha. Noti ni kubwa ili hata wa nyuma aone: kitabu cha chuo cha Eton, Uingereza, cha mnamo 1500, kina urefu wa karibu sentimita 60.

Kazi ilikuwa kwa mnakili. Ukurasa ukigeuzwa umegeuzwa kwa wote, kwa hiyo sauti zote lazima zimalize ukurasa pamoja. Yenye noti nyingi anaibana, yenye chache anaitandaza.

Wa kuimba nyumbani mezani waliandikiwa vijitabu, kila sauti na chake. Kikipotea cha teno, wimbo umebaki kilema, na vimepotea vingi. Kuna pia vitabu vya nyimbo vya kushika kiganjani: kilichopo Leuven, Ubelgiji, kina nyimbo 50 ndani ya sentimita 12 kwa 8.5. Padri mmoja tajiri, Jean de Montchenu, alitengenezewa chenye umbo la moyo. Ukikifungua unaona mioyo miwili.

Halafu kuna vya zawadi. Karakana ya Petrus Alamire, huko Ubelgiji ya leo, ilinakili vitabu vilivyopelekwa kwa Henry VIII, mfalme wa Uingereza, na Papa Leo X, vyenye nembo na mapambo ya rangi. (Jina lake utalipenda: A-la-mi-re, noti A pamoja na majina yake matatu ya solfa za wakati ule. Alimfanyia Henry ujasusi pia.) Humo unaweza kukuta kosa la noti limeachwa vilevile, kwa kuwa hakuna aliyeliimba.

Katika kitabu cha kwaya, kosa kama hilo limekwanguliwa kwa kisu na kuandikwa upya. Ukipata picha zake, anza na kona ya chini kulia: kama ngozi imekuwa nyeusi kwa vidole, hicho kilifanya kazi.