Wasomaji Wauliza: Kushinda na Kukesha na Kitabu

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu marathoni ya kusoma: mtu anatenga saa 24 nyumbani kwake asome tu, huku wenzake wakifanya hivyo hivyo makwao. Tumejibu nne.

*Kundi letu lina watu wengi wa Marekani na litaanza saa mbili asubuhi ya New York, Jumamosi moja ya Oktoba. Hapa Nairobi ni saa ngapi? Nimeshapanga vitabu tisa, vinatosha? — Kijana wa Pipeline*

Oktoba New York iko nyuma yetu kwa saa 7, kwa hiyo utaanza saa tisa alasiri Jumamosi na kumaliza saa tisa alasiri Jumapili. (Wakishageuza saa zao mwanzoni mwa Novemba, tofauti huwa saa 8.) Wao wataanza wakiwa wametoka kitandani, wewe utaanza ukiwa umeshachoka nusu siku, na giza litakukuta baada ya saa tatu na nusu tu. Lala Jumamosi hiyo kuanzia saa tano hadi saa saba mchana, na nguo zifuliwe Ijumaa.

Vitabu tisa ni vingi mno. Soma kwa dakika 10 bila kukimbia, hesabu kurasa, zidisha mara 6. Tuseme umepata kurasa 30 kwa saa. Katika zile saa 24, toa 5 za kulala na 4 za kula, kuoga na kunyoosha mgongo. Zinabaki 15, yaani kurasa 450. Ondoa robo kwa ajili ya uchovu, unabaki na karibu 340: riwaya mbili za kawaida, labda na kijitabu juu yake.

Wengi hukwama kwa kuanza na kitabu kinene. Inafika saa sita usiku hata nusu hajafika, moyo unavunjika, anachukua simu, na simu ikishachukuliwa ndiyo basi. Anza na chembamba, kisichozidi kurasa 120, ukimalize kabla ya kulala. Kile kizito kiache cha alfajiri. Usiku wa manane soma hadithi fupi, au shairi la tarbia kwa sauti na mahadhi yake. Ni vigumu kusinzia huku ukifuata mizani nane kwa nane.

Ukinunua vitabu vya mtumba mjini, kagua katikati kabla ya kulipa. Vitabu hushonwa kwa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16 au 32, na fungu likichomoka huondoka lote. Usiligundue hilo saa nane usiku.

*Macho huniwasha baada ya muda mfupi, na mtaani kwetu stima hupotea bila taarifa. — Msomaji, Kayole*

Mtu akikazia maandishi hupepesa macho mara chache, nayo hukauka. Kila dakika 20 angalia kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20. Chumba kimoja hakina mita 6, kwa hiyo simama dirishani uangalie tangi la maji la ploti ya pili, kisha pepesa polepole mara kumi. Kitabu kikae kama sentimita 40 kutoka usoni.

Tatizo jingine huwa ni kiti. Balbu ya dari ikiwa nyuma yako, kivuli cha kichwa kinaangukia ukurasa, nawe unainama zaidi na zaidi hadi shingo inauma. Geuza kiti mwanga uje kutoka ubavuni. Kwa chumba kidogo, LED ya wati 9 inatosha.

Tokeni za stima nunua Ijumaa. Balbu ya kuchaji usiiamini kwa maneno ya kwenye boksi: ichaji ijae, zima swichi kuu jioni, uone itadumu muda gani. Iliyokaa mwaka mzima kabatini inaweza kuzimika kabla hujamaliza sura moja. Unayesoma kwenye simu, pawabenki ya mAh 10,000 haijazi mara mbili betri ya 5,000, kwa sababu sehemu ya umeme hupotea njiani kama joto. Hesabu mara moja na nusu hivi. Mshumaa hapana. Utasinzia, na blanketi liko hapo hapo.

*Nina watoto wa miaka 3 na 8, na mume wangu anasema haya ni mambo ya wasio na kazi. Nitaweza? Na nile nini nisisinzie? — Mama wawili, Umoja*

Utaweza, mama, ila usishindane na saa 24. Chukua 12, tena kwa vipande: saa kumi na moja alfajiri hadi saa moja, mdogo anapolala mchana, kisha saa tatu usiku hadi sita. Hesabu dakika, si kurasa. Saa zilizopungua zijazie hivi: kuwasomea watoto kwa sauti kunahesabika, na kitabu cha kusikiliza ukiwa jikoni pia. Baba watoto mwombe saa mbili, sawasawa na mechi moja ya mpira pamoja na mabishano yake.

Githeri, nduma na mayai ya kuchemsha vipikwe siku moja kabla. Mandazi na bhajia ziwe mbali: alama ya mafuta kwenye karatasi haitoki. Sahani ya ugali iliyojaa saa nane mchana itakulaza saa tisa. Kahawa ya mwisho inywe ukiwa umebakiza muda wa saa tano au sita kabla ya kulala, kwa kuwa baada ya muda wa saa tano hivi nusu ya kafeini yake bado imo mwilini. Ukisoma mstari mmoja mara tatu bila kuuelewa, lala dakika 20, na simu yenye kengele iwe upande wa pili wa chumba.

*Gredi ya 5 wanataka kuchangia maktaba ya darasa: wasome nyumbani Jumamosi, wafadhili walipe kwa kila ukurasa. Tupangeje? — Mwalimu, Dagoretti*

Msilipe kwa ukurasa, mwalimu. Kitabu cha picha cha kurasa 24 huisha kwa dakika tano, na watoto watajifunza kufunua tu. Lipeni kwa nusu saa, kwa mfano shilingi 20, mwisho nusu saa 12, ili mfadhili ajue tangu mwanzo kwamba hatazidisha 240. Kiwango na kikomo viandikwe kwenye kadi kabla ya siku yenyewe, na mzazi atie sahihi kila mstari. Kadi zirudi Jumatatu, pesa zifike kufikia Ijumaa, moja kwa moja kwenye namba ya malipo ya shule, si mfukoni mwa mtoto. Na kadi zijazwe kwa biro. Za penseli huota nusu saa za ziada njiani kwenda shule.