Maswali ya Wasomaji: Nyumba za Mameneja wa Mkonge Kugeuzwa Kituo cha Mikutano

SWALI: Mzee wetu wa safu hii, shikamoo. Mimi ni mkandarasi wa majengo wa daraja la saba, mkazi wa Pongwe, Tanga. Chuo kikuu kimoja cha umma kimetangaza zabuni ya kukarabati nyumba nne walizokuwa wakikaa mameneja wa shamba la mkonge, njia ya Pangani, ili ziwe kituo cha mikutano chenye ukumbi, vyumba vya semina na malazi. Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe yaliyojengwa kwa chokaa. Mchanganuo wa kazi unataka kuta zote zipigwe plasta ya saruji, na kuta mbili za nyumba kubwa zivunjwe ili upatikane ukumbi wa watu 120. Marehemu babu yangu, aliyekuwa mwashi, alituonya tusiweke saruji juu ya chokaa. Je, nitoe bei kama walivyoandika, au niwaambie? Tena wenzangu wanadai kwamba nyumba za Wajerumani haziguswi kisheria. Ni kweli?
*Fundi wa Pongwe*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na sheria, kwa kuwa ndiyo fupi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Mkonge wenyewe uliletwa huku Pangani na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na kati ya miche 1,000 aliyoagiza kutoka Florida ni 62 tu iliyookoka, kwa hiyo hakuna nyumba iliyojengwa kwa ajili ya shamba la mkonge inayoweza kuufikia umri huo. Hata hivyo, Waziri ana mamlaka ya kulitangaza jengo la baadaye kuwa la kulindwa, na ni wajibu wa chuo, wala si wako, kupata jibu la maandishi kutoka Idara ya Malikale kabla ya nyundo ya kwanza kupigwa. Wewe omba nakala ya barua hiyo. Omba pia kibali cha ujenzi cha halmashauri na idhini ya kubadili matumizi, maana nyumba ya kuishi na kituo cha mikutano si kitu kimoja mbele ya mipango miji.

Sasa tuje kwenye ukuta, ambako babu yako alisema kweli tupu. Jiwe la tumbawe lina vitundu vingi, nalo hunyonya unyevu kutoka ardhini mchana na usiku. Nyumba hizo mara nyingi hazina kizuizi cha unyevu kwenye msingi, na waliozijenga hawakukihitaji, kwa sababu chokaa huuacha unyevu upite na kukaukia nje. Ukiufunika ukuta huo kwa saruji, maji hukosa njia, hupanda juu zaidi, na yanapokauka huacha chumvi nyuma ya plasta. Niliwahi kuingia katika nyumba moja ya shamba iliyokuwa imekarabatiwa kwa saruji mvua mbili tu kabla ya siku hiyo. Kwa macho ilipendeza. Nilipobonyeza uvimbe mdogo wa rangi, kimo cha goti kutoka sakafuni, ukapasuka na unga mweupe ukamiminika juu ya kiatu changu kama unga wa muhogo. Nilipogonga kwa mpini wa nyundo kuanzia hapo hadi dirishani, ukuta wote uliitika kama debe tupu. Plasta ilikuwa imejitenga na ukuta, imebaki kushikiliwa na rangi.

Kwa hiyo usikae kimya. Katika muda wa zabuni mzabuni ana haki ya kuomba ufafanuzi kwa maandishi, na jibu hupelekwa kwa wazabuni wote bila kumtaja aliyeuliza. Chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, mambo hayo hupitia NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao, basi uliza humo humo, wala usimnong'oneze mtu wa chuo pembeni ukaonekana unatafuta upendeleo. Uliza hivi: je, mshauri elekezi ameupima unyevu wa kuta, na je, atakubali plasta ya chokaa na mchanga kwa kipimo cha moja kwa tatu, ipigwe kwa matabaka? Akikubali, panga bei ya muda pia, si ya mifuko peke yake. Chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa ya ukaa taratibu, kila tabaka husubiriwa, na ukilikimbiza kwa sababu mgeni rasmi ameshaalikwa, litapasuka.

Kuhusu kuvunja kuta mbili, hapo nina ukaidi wangu. Katika nyumba za namna hiyo karibu kila ukuta umebeba kitu, na ukiutoa utalazimika kuingiza boriti ya chuma yenye nguzo zake na msingi wake, gharama ambayo sijaiona katika maelezo uliyonipa. Usikubali kuvunja bila michoro iliyotiwa saini na mhandisi. Na kwa nini watu 120 walazimishwe kukaa sebuleni kwa meneja? Mashamba mengi yana ghala la marobota ya mkonge, au jengo la korona (mtambo wa kutoa nyuzi kwenye majani ya mkonge) lililobaki tupu, lenye kenchi ndefu na nafasi pana isiyo na nguzo za katikati. Huko ndiko ukumbi ungekaa vizuri, nyumba zikabaki kwa semina za watu ishirini na malazi. Baraza zile pana ziachwe wazi: zilielekezwa upepo, kaskazi na kusi, na wajumbe watanywa chai hapo bila kiyoyozi. Ukiziziba kwa vioo vya alumini umejitengenezea tanuri, kisha utaomba fezi tatu na transfoma ili ulipoze.

Jambo la mwisho kwako ni kazi zilizojificha. Huwezi kujua mchwa amekula kiasi gani cha kenchi mpaka dari ifunguliwe. Omba kazi hizo ziwekewe kiasi cha makisio, zipimwe zikishaonekana na zilipwe kwa viwango mlivyokubaliana, kuliko kutoa bei moja ya jumla na kuomba Mungu. Na uhakikishe kwamba thamani yote haivuki kikomo cha daraja lako kwenye Bodi ya Usajili wa Makandarasi, usije ukashinda zabuni usiyoweza kuisaini.

SWALI: Ninasimamia majengo katika taasisi moja, Bagamoyo. Nyumba yetu ya wageni ina paa la asbesto, na fundi anasema atalipiga msasa kisha alipake rangi. Sawa?
*Msimamizi, Bagamoyo*

JIBU: Hapana, ndugu yangu, mzuie leo. Msasa ndio unaozitoa nyuzi zake hewani, na nyuzi hizo zikiingia mapafuni huleta saratani miaka mingi baadaye. Paa likiwa zima, liacheni lilivyo. Likiwa limechakaa, wasilianeni na NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa, mpate wenye kibali cha kazi hiyo: vipande hulowanishwa, hufunguliwa misumari bila kuvunjwa, hufungwa katika nailoni nzito na kupelekwa panaporuhusiwa. Na msimpe jirani hata kipande kimoja akaezekee banda la mbuzi.