Klasi moja ya kila jedwali: jibu kuhusu sacco ya bodaboda Kisumu

Ndugu, umeuliza kama hifadhi() ya klasi yako ya PHP ya Mwanachama, ile inayoandika taarifa za mwanachama kwenye hifadhidata, ijiamulie yenyewe kati ya kuingiza mstari mpya na kusasisha uliopo. Ndiyo. Obijekti moja ni mstari mmoja wa jedwali: id (nambari ya mstari) ikiwa tupu, endesha INSERT, amri ya kuingiza, kisha uchukue nambari mpya kwa lastInsertId(); ikiwa na nambari, endesha UPDATE, amri ya kusasisha. tafuta(), ya kumsoma mwanachama kutoka kwenye jedwali, iwe static, yaani iitwe kwa jina la klasi yenyewe, maana hapo obijekti bado haipo.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni ule msimbo uliouweka, unaounga jina la mtu kwa nukta ndani ya SQL, lugha ya kuiamuru hifadhidata. Hapa kwetu hutahitaji mdukuzi ili uharibike. Siku atakaposajiliwa mtu mwenye jina la Nyang'oro, ile alama ya ' iliyo katikati itafunga maandishi mapema na amri nzima ya SQL itavunjika. Tumia prepare() kuandaa amri na execute() kuiendesha, thamani kama majina zipite kando, nje ya maandishi ya SQL. Majina ya safu wima (column) za jedwali hayapitishwi hivyo, kwa hiyo yaorodheshe ndani ya klasi na ukatae lolote lisilokuwamo.

Tena, usifungue muunganisho wa hifadhidata ndani ya __construct, inayoendeshwa kila obijekti inapoundwa. Ukipakia orodha ya wanachama 200 utaomba miunganisho 200, na hifadhidata ya MySQL, mipangilio yake isipobadilishwa, huruhusu 151 kwa wakati mmoja. Fungua PDO moja (muunganisho wa PHP na hifadhidata) programu inapoanza, klasi zote ziitumie hiyo.

Ripoti ya jumla ya michango iandikie SQL yake yenyewe, nje ya Mwanachama, maana haihusu mstari mmoja. Malipo yanayogusa majedwali mawili yazungushie beginTransaction() mwanzoni na commit() ya kuyathibitisha mwishoni, na rollBack() ya kuyafuta likitokea kosa.