Theluji ikijaa barabarani, nani anaiondoa?

Mpwa wangu aliye Bwera, kwetu Kasese, Uganda, aliniuliza mambo mawili, na tangu hapo mama zangu wadogo na rafiki zao wa sokoni Mpondwe wameyarudia kila mmoja kwa maneno yake. La kwanza: theluji ikifika magotini, magari yanapitaje? La pili: hiyo kazi ya kuiondoa inalipa kiasi gani, na kijana anayejua kuendesha lori akiuza shamba akaja, ataipata? Mimi ndiye ninayeendesha hayo malori mnayoyauliza, huku Kanada, jimbo la Ontario, kandokando ya Ziwa Huron. Nitawajibu ninayoyaona, pamoja na yale ambayo sisi tulio huku huwa hatuyatumi kwenye picha.

Kwanza sahauni ile theluji tunayoiona kutoka Kasese asubuhi, mawingu yakifunguka juu ya Rwenzori. Ile imekaa kileleni na anayeitaka huipandia. Hii inakuja yenyewe mpaka mlangoni, na upande wetu ina tabia mbaya. Upepo wa baridi ukivuka ziwa ambalo maji yake bado yana joto kidogo hubeba unyevu, na ukigusa nchi kavu huumwaga wote kama theluji kwenye ukanda mwembamba. Unaondoka kijiji kimoja jua likiwaka, kilomita tano mbele huoni hata boneti ya gari lako. Hapo polisi hufunga barabara, na hata sisi wenye malori tunaambiwa turudi. Kwa hiyo siku nyingine, ndugu zangu, magari hayapiti kabisa, na mtu hulala alikofikia.

Siku zinazobaki hupitika kwa sababu ya watu wanaoamka saa nane usiku. Kuna msimamizi anayezunguka barabarani usiku akikagua hali, akitazama joto la lami yenyewe, si la hewa peke yake, maana lami inaweza kuwa imeganda wakati hewa bado iko juu ya sifuri. Akiona hatari anapiga simu, nawe unaamka. Krismasi ikidondokea siku ya dhoruba, utaila kwenye lori. Ukifika unamulika kila kitu kwa tochi: breki za upepo, taa za buluu za juu, bleidi ya mbele ambayo inafanana na ya greda, na bawa la chuma la ubavuni linalosukuma theluji mpaka nje ya bega la barabara. Ukingo wa bleidi hulika kwa kusugua lami. Ukiisha, mnafungua boliti na kufunga mwingine hapo hapo uani, na chuma kilicholala nje usiku kucha hunata kwenye ngozi usipovaa glovu.

Nyuma ya lori ndiko inakokaa chumvi, na chini yake kuna sahani inayozunguka na kuitawanya. Watu wa Katwe huchota chumvi yao ziwani wakiwa wamesimama majini. Ya huku inatoka chini ya ziwa: mjini Goderich kuna mgodi ulio mita 550 hivi chini ya ardhi, ulioingia chini ya Ziwa Huron, na ndio unaotajwa kuwa mgodi mkubwa kuliko yote duniani wa chumvi ya chini ya ardhi. Wengi nyumbani hudhani chumvi inaunguza theluji. Kazi yake ni kushusha kiwango cha baridi ambacho maji huganda. Maji matupu huganda kwenye sifuri, lakini yakiwa na chumvi asilimia 23 hivi hayagandi mpaka nyuzi 21 chini ya sifuri. Barabarani mambo ni magumu zaidi. Baridi ikiwa nyuzi 1 tu chini ya sifuri, kilo moja ya chumvi inaweza kuyeyusha kilo 46 za barafu. Ikifika nyuzi 12 chini ya sifuri, kilo ileile inayeyusha kama tano. Ikizidi sana hapo, kumwaga chumvi ni kumwaga pesa, basi tunatawanya mchanga. Mchanga hauyeyushi kitu, lakini tairi linapata pa kushika.

Ninachokiheshimu kuliko vyote katika kazi hii kinafanyika kabla theluji haijaanguka. Tunapita na tangi la maji ya chumvi na kuyanyunyiza kwenye lami kavu, yanaacha mistari myeupe ambayo mgeni haielewi. Theluji ikija inakuta maji yale chini yake, haishikani na lami, na bleidi inaiondoa kirahisi. Ikishashikana, utamwaga chumvi maradufu na bado utaacha tabaka jembamba la barafu angavu, ambalo dereva haoni, anadhani ni lami iliyolowa. Hilo ndilo linaloua watu. Madarajani huwahi kuganda, kwa kuwa baridi inalipiga daraja juu na chini, kwa hiyo ndiko tunakoanzia.

Sasa kuhusu ile kauli ya kwamba Wazungu wana pesa ndiyo maana barabara zao ni safi. Pesa zipo, sikatai. Lakini nimeishi hapa muda wa kutosha kuona kwamba pesa hiyo imefungwa na saa. Ontario ina kanuni, namba 239/02, inayoweka barabara za halmashauri katika makundi yaitwayo madaraja, kulingana na wingi wa magari na mwendo wake. Kwa barabara ya daraja la 1, theluji ikizidi sentimita 2.5 na ikakoma kuanguka, halmashauri ina saa 4 za kuishughulikia. Ya daraja la 5 husubiri sentimita 10, na saa zake ni 24. Kwa hiyo yule wa kijijini ndani hasafishiwi sawa na wa barabara kuu, na anajua hivyo. Lakini saa zake zimeandikwa. Lori langu linarekodi nilipopita, saa ngapi, na chumvi niliyomwaga. Mtu akiumia kwa sababu barabara ilitelekezwa, anaweza kuishtaki halmashauri, mradi aitaarifu kwa maandishi ndani ya siku 10, na rekodi zangu ndizo zitakazosomwa kortini.

Nalisema hili kwa uchungu, si kwa kujivuna. Aprili 2023 watu wa Kampala walijaza mitandao picha za mashimo ya barabarani, maonyesho yaliyoanzishwa na mchoraji wa vibonzo Jimmy Spire Ssentongo. Nilizitazama usiku mzima. Na kwetu Kasese, mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013 ukabomoa, ukafurika tena Mei 2020 ukabomoa. Mvua za Machi mpaka Mei tunazijua kama watu wa huku wanavyoijua Desemba. Tofauti ni kwamba huku chumvi inajazwa ghalani watu wakiwa bado wamevaa fulana, na fedha za msimu wa baridi zimeshapitishwa na madiwani kabla tone la kwanza halijaganda. Kuzibua kalvati na mifereji mwezi wa Februari hakuhitaji lori la Kanada. Kunahitaji majembe, vijana wanaolipwa, na kiongozi ambaye anaweza kuulizwa kwa jina lake kwa nini mfereji fulani haukuzibuliwa. Muulizeni mwenyekiti wenu swali hilo mwezi wa kwanza, msingoje maji yafike vitandani.

Lakini msiige kila kitu. Chumvi hii inakula magari kutoka chini mpaka fundi anapenyeza kidole kwenye chasisi. Kanada inatumia kama tani milioni 5 kwa mwaka, na tangu 2001 tathmini ya serikali yenyewe ilisema chumvi ya barabarani inadhuru mazingira. Haiozi wala haipotei. Theluji ikiyeyuka inaingia mitoni na visimani. Na raia hawatushangilii. Bibi mmoja kwenye njia yangu huwa amemaliza kusafisha lango lake kwa koleo, mgongo umepinda, napita naye anatazama bleidi ikimrudishia tuta zima la theluji mlangoni. Siwezi kuinua bleidi kwa kila lango, njia haitaisha. Ananitazama tu, na mimi inaniuma kila mara.

Haya, mpwa wangu, la kazi. Malipo ni kwa saa, juu ya kima cha chini, ambacho Ontario kilifika dola 17.20 Oktoba 2024, na usiku wa dhoruba saa huwa nyingi. Ukiibadilisha kwa shilingi utaruka. Ila kodi ya nyumba hailipwi kwa shilingi, wala chakula, wala bima ya gari. Na wengi wetu ni wa msimu: Novemba tunaitwa, Aprili tunaachwa, kisha kila mtu anatafuta ujenzi, mashamba, au anategemea bima ya wasio na kazi mpaka baridi irudi. Waajiriwa wa kudumu wapo, lakini nafasi hizo hushikwa na watu waliozaliwa hapa au waliokaa miaka mingi.

Leseni yako ya Uganda haitakupandisha kwenye lori hili. Utaanza na ya gari dogo, mtihani wa maandishi na wa barabarani, uipate kamili, ndipo uombe ya malori mazito yenye breki za upepo, mtihani mwingine. Yote hayo ni baada ya kupata kibali cha kuingia na kufanya kazi, na yeyote atakayekuambia anauza kibali cha "udereva wa theluji" anakuibia.

Kwa hiyo shamba usiliuze. Kama una njia halali ya kuja, chukua kwa mamlaka ya leseni huko barua rasmi inayothibitisha umeendesha kwa miaka mingapi, kabla hujaondoka. Kuifuatilia ukiwa huku ni mateso, na bila hiyo hutahesabiwa miaka yako yote ya uendeshaji.