Kuhusu reli ya Moscow iliyofungwa

Umeuliza kama ile njia fupi ya juu ya nguzo, karibu na mnara wa televisheni wa Ostankino, ilikuwa sehemu ya metro (treni za chini ya ardhi) ya Moscow na kwa nini ilifungwa. Hiyo ilikuwa monoreli, yaani treni inayopita juu ya boriti moja, na njia yake yenye stesheni sita ilikuwa na urefu wa kilomita 4.7 tu, kutoka Timiryazevskaya hadi mtaa wa Sergei Eisenstein.

Ilijengwa enzi za Meya Yuri Luzhkov, ikafunguliwa Novemba 2004 kwa safari za matembezi, na Januari 2008 ndipo ilipoanza huduma ya kawaida ya abiria; baadaye ilionyeshwa katika ramani ya metro kama njia namba 13. Treni zake zilitokana na muundo wa Intamin, kampuni ya Uswisi inayofahamika zaidi kwa mitambo ya viwanja vya burudani, jambo ambalo kwa maoni yangu linaeleza mengi, ingawa Warusi waliongeza mota ya mstari, yaani mota inayoisukuma treni kwa nguvu ya sumaku badala ya kuzungusha magurudumu, ili theluji na barafu zisiyafanye magurudumu yateleze.

Treni zilikuwa ndogo na za polepole, huku abiria wakiwa wachache mno kuliko wa metro, kwa hiyo mwaka 2017 njia hiyo ilirudishwa kwenye ratiba ya matembezi, treni zikipishana kwa takriban nusu saa, na mwishoni mwa Juni 2025 ikafungwa kabisa.