Muulize Anayepokea Kabla Hujalipa

Juma lililopita kijana mmoja wa ofisi ya jirani alinikuta nimekaa kwenye benchi la mama chapati hapa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, nasubiri lori liachiliwe. Akanionyesha simu yake. Vyeti kumi na vinne, vyote vya kozi za bure za mtandaoni, kila kimoja na jina lake na nembo inayong'aa. "Dada," akaniuliza, "hivi vinanitosha kuanzia mwaka wa pili chuo kikuu?"

Nilipomjibu kwamba havitoshi, akanywea. Nikaona heri niandike namna ya kufanya masomo uliyosomea kwingine yahesabiwe kwenye digrii, maana si yeye wa kwanza kuniuliza.

Mimi ni wakala wa forodha. Digrii yangu ya biashara niliipata kwa vipande: kipande cha diploma ya zamani, kipande cha kozi nilizojisomea usiku kwa mwendo wangu, na kipande cha mwisho katika chuo cha mtandaoni cha Marekani ambacho ndicho kilichotoa karatasi. Sikuacha kazi hata mwezi mmoja. Lakini nilipoteza pesa na muda kwa makosa ambayo wewe huna haja ya kuyarudia.

Kwanza elewa krediti ni nini. Cheti cha kozi kinasema tu kwamba ulisoma. Krediti ni kipimo cha saa na kazi ambacho chuo kimekubali kukihesabu kwenye digrii yake. Hapa Uganda krediti moja ni saa 15 za darasani katika muhula. Digrii ya kwanza ya Marekani kwa kawaida ni krediti 120 kwa ujumla. Waingereza huhesabu 120 kwa mwaka mmoja, kwa hiyo digrii yao ya miaka mitatu ni 360. Ukija na krediti 60 za Uingereza ukadhani umefika nusu ya digrii ya Marekani, umejidanganya. Sisi wa mpakani jambo hili linatuingia upesi. Noti ya shilingi elfu moja ya Kenya na ya elfu moja ya Uganda zote zimeandikwa elfu moja, lakini jaribu kumpa mbadilisha pesa pale kwenye lango moja badala ya nyingine uone atakavyokutazama. Na hata noti ikiwa halali, akiona imechanika pembeni anaweza kukurudishia. Huwezi kumshitaki. Anayepokea ndiye anayeamua.

Krediti ni hivyo hivyo, na hapa ndipo wengi huanguka. Watu huchagua kozi kwanza, wakalipa, wakamaliza, halafu ndiyo wanatafuta chuo cha kuzipokea. Geuza. Tafuta chuo kitakachokupa digrii, soma masharti yake ya kuhamisha krediti, kisha uwaandikie. Usiulize "mnapokea kozi za mtandaoni?", maana utajibiwa "ndiyo, kulingana na tathmini", jibu lisilokusaidia kitu. Taja jina la kozi, namba yake, nani anaitoa, na uulize: itahesabiwa badala ya kozi gani, katika programu gani? Jibu litake kwa barua pepe na ulihifadhi. Simu haitoshi. Aliyekujibu kwa simu mwezi wa tatu, mwezi wa tisa huenda amehamishiwa idara nyingine.

Kwa nini nasisitiza "badala ya kozi gani"? Kwa sababu kupokelewa na kuhesabiwa ni mambo mawili. Kutoka diploma yangu chuo kilipokea krediti 27. Nilifurahi, nikanunua soda ya ofisi nzima. Baada ya wiki mbili nikaletewa mchoro wa digrii yangu, nikaona ni 18 tu zilizoingia kwenye nafasi zinazotakiwa. Zile 9 zilikuwa zimekaa pembeni kama mizigo isiyo na mwenyewe kwenye ghala la forodha: ipo, imeandikishwa, haiendi popote. Nafasi za kozi za hiari zilikuwa zimeshajaa. Ningeuliza mapema, zile kozi mbili za hiari nilizokwisha kulipia mtandaoni nisingezinunua kabisa.

Halafu kuna kikomo. Vyuo vingi vya Marekani vinataka angalau robo ya digrii, yaani krediti 30 kati ya 120, isomwe kwao. Kwa hiyo usiote kwamba utakusanya vipande vyote nje kisha uende tu kuchukua karatasi.

Kabla hujavuka bahari, hata hivyo, tazama nyumbani. Nasema hivi ingawa mimi mwenyewe nilivuka. Kama una diploma inayolingana na digrii unayoitaka, vyuo vikuu kadhaa vya Uganda hukuanzisha mwaka wa pili katika baadhi ya programu. Huo nao ni uhamisho wa krediti, ila hatuuiti hivyo. Kama umefika miaka 25 na huna alama mbili kuu za UACE, mtihani wa kumaliza kidato cha sita, kuna mlango wa watu wazima. Pale Makerere utafanya mtihani wa uwezo wa jumla na mwingine wa somo unalolitaka. Ukitaka kusoma kwa mbali bila kutoka Afrika Mashariki, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa kazi hiyo hasa, na Kenya nao walikipa hati chuo chao huria mwaka 2023. Mimi nilishindwa na jambo moja tu: madarasa ya wikendi. Wikendi ndipo malori yanapojazana hapa, na bosi hataki kusikia habari za mwalimu. Kama wikendi yako ni yako, fikiri mara mbili kabla ya kulipa ada kwa dola.

Sasa kozi za kusoma kwa mwendo wako. Tafuta zile zilizopitiwa na ACE, shirika la Marekani linalopima mafunzo yanayotolewa nje ya vyuo na kupendekeza yana thamani ya krediti ngapi. Angalia neno hilo: kupendekeza. ACE haitoi krediti na haimlazimishi mtu. Sophia ni tovuti mojawapo ya aina hiyo. Nilipojiunga ilikuwa dola 99 kwa mwezi, unamaliza kozi nyingi uwezavyo lakini mbili tu ndizo zinafunguka kwa wakati mmoja. Piga hesabu. Ukimaliza kozi moja kwa mwezi, imekugharimu dola 99. Ukimaliza nne, kila moja haifiki dola 25. Saylor Academy wanakupa masomo bure, na ukitaka krediti unalipia mtihani unaosimamiwa. Kuna pia mitihani ya CLEP, mingi ya dakika 90, ambayo ACE hupendekeza krediti kuanzia alama 50 katika kipimo cha 20 hadi 80. Lakini CLEP huhitaji kituo cha mtihani, basi tazama kwanza orodha ya vituo kabla hujaanza kununua vitabu. Na wale mnaotazama video za Western Governors University, za watu wanaomaliza digrii kwa miezi sita: chuo kile ni cha wakazi wa Marekani. Msijisumbue.

Nani aliniambia nichague kozi gani? Hakuna. Nilianza na takwimu, kwa sababu ilikuwa juu ya orodha, nikakaa nayo miezi miwili nikilia. Nilipoiacha nikaenda kwenye biashara ya kimataifa, nikaimaliza kwa siku tisa. Mimi mchana kutwa naingiza entri kwenye ASYCUDA, mfumo wa kompyuta wa forodha, nakokotoa ushuru juu ya thamani ya mzigo pamoja na bima na nauli, najua viwango vya pamoja vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vya 0, 10, 25 na 35 kwa mia kama ninavyojua majina ya wanangu. Maswali yale yalikuwa yananiuliza habari za kazini. Tangu hapo nikajiwekea utaratibu: kozi ninayoijua nusu yake tayari naisoma peke yangu, upesi, mahali pa bei ya mwezi. Kozi inayonishinda naiacha niisome chuoni, penye mwalimu wa kumuuliza. Takwimu niliisoma chuoni, nikapata C, na C ile naipenda kuliko A zangu zote.

Kumbuka pia mwezi wa kulipia ni mwezi, usome usisome. Mwaka mmoja nilisahau kusimamisha malipo ya tovuti mwishoni mwa Novemba. Desemba hapa mpakani hulali: bidhaa za Krismasi, madereva wanataka kufika kwao, simu zinalia tangu alfajiri. Sikufungua hata ukurasa mmoja, na benki ikakata dola zangu pamoja na makato yake ya kubadilisha fedha. Siku hizi natumia kadi tofauti ninayoiwekea pesa ya mwezi mmoja tu. Ikiisha, imeisha.

Karatasi ndizo zilizonitesa kuliko masomo. Chuo cha kigeni hakitaki nakala uliyoikunja kwenye begi. Kinataka matokeo yako yatoke moja kwa moja kwenye chuo chako cha zamani, kwa bahasha iliyofungwa na kupigwa muhuri au kwa njia yao rasmi ya mtandaoni, na mara nyingi yapitie kwanza kwa shirika la tathmini kama WES. Nilipanda matatu mara nne kwenda kwenye chuo changu cha diploma. Mara ya kwanza, mwenye muhuri ametoka. Mara ya pili, muhuri upo, fomu zimekwisha. Mara ya tatu nikaambiwa jina langu la katikati limeandikwa kwa herufi moja tofauti na la kitambulisho, nikala kiapo cha kisheria. Mara ya nne nikamkuta mama mmoja mzee wa masjala, akavaa miwani, akafungua kabati la chuma, akalitoa faili langu likiwa na vumbi la miaka tisa. "Uliolewa?" akaniuliza, huku akipiga muhuri juu ya mkunjo wa bahasha. Ilichukua dakika kumi.

Nililokosa siku ile ni maelezo ya kozi, ile karatasi inayoonyesha mada, saa na vitabu vya kila kozi. Mtaala ulikuwa umebadilishwa, ya zamani hakuna aliyeyatunza, na bila hayo mkaguzi hawezi kujua "Uhasibu II" yako ilifundisha nini. Kozi tatu zilianguka hapo. Kwa hiyo wewe uliyeko chuoni sasa hivi, hata kama huna mpango wowote wa kuhama: kila muhula piga picha ya maelezo ya kila kozi na ujitumie kwa barua pepe. Ni kazi ya robo saa.

Ukifika kwenye chuo chenyewe, usidhani mwendo bado ni wako. Chukua mfano wa University of the People, kilichoanzishwa na Shai Reshef mwaka 2009. Hakitozi karo ya masomo ila ada ya kila kozi, na kwa sababu hiyo Waganda wengi hukiulizia. Muhula wao ni wa wiki tisa, kila wiki ina kazi zake, na kwa muda mrefu wanafunzi wamekuwa wakisahihishana. Wiki hufungwa Jumatano saa sita kasoro dakika tano usiku kwa saa zao, ambayo kwetu ni Alhamisi saa mbili kasoro dakika tano asubuhi. Chuo changu kilikuwa na utaratibu wa namna hiyo hiyo, na zile asubuhi nilizigeuza kuwa riziki: naamka saa kumi alfajiri, mtandao ni mwepesi, watoto wamelala, namaliza kazi yangu kabla geti halijachangamka. Kwa mtihani unaosimamiwa kwa kamera, usitegemee umeme wa nyumbani. Mimi wangu niliufanyia kwenye ofisi ya rafiki yenye jenereta. Bando nalo lihesabu kwenye bajeti. Ile kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku tuliyoanza kuilipa mwaka 2018 iliondoka, lakini tangu Julai 2021 tunalipa asilimia 12 juu ya data.

Na kabla hujatoa senti ya mwisho, andikia NCHE, Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Wao ndio wanaotambua digrii za nje hapa Uganda, na waajiri wa serikali watakutaka uwe na barua yao. Waulize kuhusu chuo hicho, programu hiyo, na kusoma kwa mtandao. Upande wa Marekani, tazama kama chuo kimo kwenye orodha ya Wizara ya Elimu yao ya vyuo vyenye ithibati. Anayekuuzia digrii nzima kwa "uzoefu wa kazi" bila mtihani hata mmoja, mwambie bei ya Nasser Road, mtaa wa wachapaji wa vyeti bandia, ni nafuu zaidi na nauli ya Kampala unaijua.

Yule kijana wa vyeti kumi na vinne tulikaa naye mpaka giza likaingia. Tukavipitia kimoja kimoja kwenye simu, chapati zikapoa. Kumi na viwili ni vya kuhudhuria tu. Viwili ni vya kozi zenye mtihani wa krediti ambao hakuufanya kwa sababu ulikuwa wa kulipia. Akachagua vyuo viwili, kimoja cha hapa Uganda na kimoja cha nje, na nikamwachia simu yangu yenye bando aandike barua pepe. Aliandika "Je, mnapokea kozi za mtandaoni?" Nikamrudishia simu, akafuta, akaanza upya na namba za kozi.