Redio-kaseti ya mzee: beliti, spiriti na betri ya sola

SWALI: Fundi, habari. Niko Bombo, Uganda. Baba ana redio-kaseti ya miaka ya 1980 inayotumia mawe makubwa sita, na kaseti za doluka, muziki wa Wanubi, zilizorekodiwa kwenye harusi za ukoo. Redio yenyewe inashika vizuri, ila ukigusa sauti inakwaruza. Kaseti zinaimba polepole, sauti nzito kama ya mtu mwenye usingizi, na juzi imekula utepe mmoja. Jirani ameshazungusha skrubu mbili tatu bila faida. Je, itengenezwe au tumnunulie mzee redio mpya ya flashi? Na naweza kuichomeka kwenye betri ya sola ya volti 12, maana mawe ni ghali na umeme hukatika?

JIBU: Dada, itengenezwe. Redio ya flashi haitacheza zile kaseti, na kwa dalili ulizotaja, mashine haijafa. Kilichokufa ni mpira ndani yake. Lakini kwanza mwambie jirani aweke bisibisi chini. Skrubu za hedi (kichwa kinachosoma utepe) na mota hurekebishwa mwisho, baada ya mpira kubadilishwa na njia ya utepe kusafishwa. Ukianza nazo, unafidia ugonjwa mmoja kwa kuleta mwingine, kisha beliti mpya ikiingia kila kitu kinakuwa kimekwenda upande.

Kabla ya yote, linda kaseti. Mgongoni mwa kila kaseti kuna vijimeno viwili vya plastiki. Vivunje, na kitufe cha kurekodi hakitashuka tena. Usijaribie mashine kwa kaseti ya harusi. Tafuta ya dakika 60 usiyoijali. Zile za dakika 120 ziache kabisa, utepe wake ni mwembamba mno, hunyooka na kujisokota upesi. Utepe uliokwama usiuvute: fungua mashine, zungusha gurudumu zito kwa kidole kinyumenyume mpaka utepe ulegee, utoe, kisha uurudishe ndani kwa kalamu ya Bic, ambayo pembe zake hukaa sawasawa kwenye meno ya kaseti.

Sasa beliti. Mota huzungusha gurudumu zito kwa beliti ya mpira, na mara nyingi kuna ya pili inayokwenda kwenye kihesabu au upande unaokusanya utepe. Baada ya miaka thelathini na zaidi mpira huo ama hulegea ama huyeyuka ukawa kama lami. Ikilegea, utepe husukumwa polepole, na upande wa kukusanya hukosa nguvu. Utepe unaendelea kutoka kati ya pini ya chuma na roli ya mpira, hakuna wa kuupokea, basi unajiviringisha kwenye roli. Huko ndiko “kula” kwenyewe. Maradhi yako mawili, chanzo kimoja.

Usipime beliti ya zamani, imeshanyooka. Pitisha uzi kwenye njia yote ya beliti, mota hadi gurudumu zito na puli (kigurudumu chenye mfereji wa beliti) nyingine kama ipo, upime mzunguko wake, kisha utoe asilimia 5. Uzi ukiwa sentimita 25, unataka beliti ya mzunguko wa karibu sentimita 24, yaani ukiikunja bapa iwe na urefu wa sentimita 12. Beliti ya mraba yenye unene wa milimita 1.2 kila upande inafaa mashine nyingi. Linganisha na mfereji wa puli. Ikibana sana hula bushi za mota, yaani vishikilio vya ekseli yake. Rababendi za ofisini na vipande vya tyubu ya baiskeli vilivyogundishwa vitazungusha mashine, ndiyo, lakini kila kiungo kikipita kwenye puli wimbo utayumba.

Kama beliti imekuwa lami, vaa glavu. Uchafu huo ukiingia kwenye kucha utakaa nao wiki nzima. Ufute wote, hasa kwenye puli ndogo ya mota: tabaka jembamba likibaki hapo puli inakuwa nene, na mashine itaimba haraka kuliko inavyopaswa.

Cha kusafishia ni alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Spiriti ya vidonda ya dukani mara nyingi ina mafuta ndani yake, hukauka ikaacha utando. Waragi pia hapana, ina maji mengi. Kwa pamba ya masikio safisha hedi, pini ya chuma na roli ya mpira hadi pamba itoke nyeupe. Roli huhitaji pamba tano au sita. Roli ikiendelea kung'aa kama kioo, isugue kidogo kwa msasa laini sana huku ukiizungusha. Ikiwa na nyufa, badilisha. Tone moja tu la mafuta ya cherehani liwekwe kwenye ekseli ya gurudumu zito kwa ncha ya kijiti cha meno. Likigusa mpira umerudi mwanzo.

Kukwaruza kwa sauti ni vumbi na kutu ndani ya kidhibiti cha sauti unachokizungusha. Puliza spreyi ya kusafishia kontakti kwenye tundu lake, kisha zungusha mwanzo hadi mwisho mara 30. WD-40 ya kawaida iachie bawaba za mlango. Spreyi hiyohiyo iingie kwenye swichi ndefu iliyo juu ya ubao wa saketi, ile inayosukumwa na kitufe cha kurekodi. Isukume mara 20. Mafundi wengi huiruka, nayo ndiyo hufanya kaseti ipige mluzi au spika moja inyamaze.

Baada ya hapo pima mwendo. Kwenye mashine nzuri rekodi dakika 5 kamili kwa saa, ukianza na kumaliza kwa kugonga meza. Icheze kwenye ya mzee: kila sekunde 3 zikizidi au kupungua ni kosa la asilimia 1. Ikibaki chini ya sekunde 5, usiguse kitu. Ikizidi, nyuma ya mota nyingi kuna kitundu chenye skrubu ndogo. Weka alama ilipo, izungushe kidogo sana, upime tena. Tumia umeme au mawe mapya, maana mawe yakichoka mota ndiyo ya kwanza kulegea huku redio ikiendelea kuimba kama kawaida.

Hedi iguse tu kama sauti bado ni ya kuzibwa. Ina skrubu mbili. Ya kugeuza ni yenye springi. Cheza kaseti iliyokuwa nzuri zamani, geuza robo ya mzunguko huku na huku mpaka herufi “s” zisikike kali, kisha ifunge kwa rangi ya kucha.

Kuhusu sola: usiunganishe moja kwa moja. Mawe sita ni volti 9, na betri ya volti 12 ikiwa inachajiwa hufika 14.4. Nunua kirekebishaji volti LM7809, kifaa cha miguu mitatu kinachotoa volti 9. Ukiutazama uso wenye maandishi, miguu ikiwa chini, kushoto ni kuingia, katikati ni hasi, kulia ni kutoka. Weka kapasita ya mikrofaradi 0.33 upande wa kuingia na 0.1 upande wa kutoka, karibu na miguu, na fyuzi ya ampea 1 kwenye waya chanya kutoka kwenye betri. Redio ikivuta nusu ampea, karibu wati 2.7 zinageuka joto, kwa hiyo kifunge kwenye kipande cha bati la alumini la ukubwa wa kiganja. Kisha pima tundu la redio kwa mita kabla ya kuchomeka: redio nyingi za Kijapani za wakati ule zina hasi katikati, kinyume cha adapta nyingi za leo. Ukikosea hapo unaweza kuunguza amplifaya. Na kwa umeme wa ukutani, hakikisha swichi ya nyuma iko 220 au 240, si 110.

Ukitaka kununua nyingine kwenye soko la Owino, Kampala, iwe ya akiba, soma namba za FM kwanza. Iliyotengenezwa wakati ule kwa soko la Japani mara nyingi huishia 90, wakati stesheni zetu hufika hadi 108, na plagi yake hutaka volti 100. Ikiwa ni kwa vipuri tu haina neno: hedi na mota zitakufaa, mradi mota iwe na volti zilezile na mshale wake wa mzunguko uelekee upande uleule.